Unga wa Msiba wa Basta

Mimi watu waliokaa Ulaya siwawezi. Sisemi Wazungu. Mzungu ana kwao na ana adabu zake za huko kwao. Nasema hawa wetu, waliozaliwa kwenye mkeka uleule tuliozaliwa sisi, wakaondoka hapa wakilamba vidole kwa kisamvu, wakarudi wanakitazama kisamvu kama dawa ya minyoo. Nimewaona wachache, na hao wachache wamenitosha. Huyu Ida binti Cecil ndiye aliyenimaliza kabisa, na habari yake naisimulia mwenyewe kabla hajatokea mtu wa kuitia sukari.

Tena msinitazame hivyo. Mdomo huu ninao kwa haki. Watu wetu na watu wa kina Ida ni watani tangu mababu. Nikimkuta Lois, mama yake Ida, anakula, navuta sahani nakula mimi, na yeye ananiita mwizi, na siku inakwenda vizuri. Wakifiwa, mimi ndiye ninayefika msibani nikavaa kofia ya marehemu, nikatembea kama yeye, nikakohoa kama yeye, mpaka wafiwa wacheke bila kupenda na machozi yao yapate njia ya kutokea. Mimi Mwislamu, wao watu wa misheni, Waanglikana tangu babu yao, lakini utani haujawahi kuuliza mtu anasali wapi.

Ida tulikua naye hapahapa Mkunya. Baba yake, Mwalimu Cecil, alifundisha shule ya misheni kule Masasi mpaka macho yakamchoka, akarudi kulima mikorosho yake na kuwasumbua kuku hadi alipofariki. Ida alisomea Masasi kwa masista, akajua kushona, kupiga pasi na kusema Kiingereza cha puani. Mradi wa karanga ulipoanza Nachingwea, Wazungu wakamiminika na watoto wao wanaobabuka jua, na Ida akachukuliwa kuwa yaya. Karanga zikagoma. Wazungu wakafunga mizigo. Siku ya kuondoka, mtoto aliyekuwa akimlea, Piti, alimng'ang'ania yaya wake shingoni, akalia mpaka akatapika kwenye viatu vya baba yake. Basi wakamchukua na yaya. Ndivyo Ida alivyokwenda Ulaya, msije mkadanganywa kwamba aliitwa kwa elimu.

Akakaa huko miaka sita. Alirudi mwaka wa hamsini na saba, msimu wa mabibo, amekaa mbele kwenye lori la Dastani linalobeba korosho. Kijiji kizima tulisimama barabarani. Tulitegemea cherehani. Wengine walitegemea blanketi. Akashuka na sanduku moja na kikapu chenye mfuniko, na Lois, mtu mzima yule, akaenda mbio mikono imefunguka kumpokea mwanawe. Ida akasema, "Ngoja kidogo, mama." Akachuchumaa, akafungua kikapu kwanza.

Ndani alikuwemo mbwa.

Mbwa, jamani! Kwani hapa mbwa wamekwisha? Hapa kila nyumba ya mwindaji ina mbwa watatu wanaogombea mfupa mmoja. Na hata angekuwa mbwa wa maana! Kijibwa cha miguu mifupi, tumbo linakaribia kufagia chini, usoni manyoya yamemning'inia kama ndevu za padri mzee. Akatoka kikapuni, akatutazama wote, akapiga chafya.

"Anaitwa Basta," akasema Ida, kana kwamba anatujulisha kwa shemeji yetu.

"Katoka Ulaya?" nikamuuliza.

"Ndiyo."

"Kapanda meli?"

"Ndiyo. Tulipanda pamoja."

"Mungu mkubwa. Kaka yangu mwaka wa tatu huu anataka kwenda Dar es Salaam hajafika hata Lindi."

Watu wakacheka. Ida akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayepita kwenye mlango wa wenyewe, akambeba mbwa wake, akaenda nyumbani. Baadaye tukapata habari kamili. Yule Piti alipofika umri wa shule, alipelekwa shule ya kulala hukohuko. Mbwa alikuwa wake, akaachiwa yaya. Halafu wakagundua kwamba nyumba isiyo na mtoto haihitaji yaya wala mbwa, wakawasafirisha wote wawili.

Siku chache hazijapita, namkuta uani anamwogesha. Nawaambia anamwogesha, kwa sabuni, kwenye beseni! Ninyi mnaokaa penye mito hamwezi kunielewa. Huku juu kwetu hakuna mto, hakuna kisima. Bomba wakati ule lilikuwa limefika bomani Newala, sisi wa Mkunya bado tulikuwa tunateremka bondeni kabla ya alfajiri na kupanda na debe kichwani, shingo imeingia mabegani. Maji ya kunawa uso tunanawia, kisha tunaoshea vyombo, kisha tunamwagia mche wa mpapai. Na huyu anammwagia mbwa mgongoni.

"We Ida!" nikafoka. "Unajua maji hayo yametoka wapi?"

"Nimeyateka mwenyewe, Mama Stamili. Niliondoka na kina mama wengine."

"Basi mpeleke na yeye bondeni akajitekee, miguu anayo minne!"

"Pole kama nimekuudhi," akasema. "Asante kwa kunijali."

Asante! Mtu unamrushia utani mzima mzima, badala ya kukurudishia, anakwambia asante. Nilisimama pale kama niliyepiga hodi na kukuta nyumba haina watu. Na hicho kijibwa kikaja kimelowa kinanusa kanga yangu. Nikaruka. Mimi Mwislamu, mbwa aliyelowa akinigusa yanipasa kujitoharisha mara saba, na maji yenyewe ndiyo hayo ameyamaliza yeye!

Kulikuwa na jambo jingine. Kwetu mwanamke wa umri wetu haitwi jina lake kavu. Mimi ni Mama Stamili, jirani yangu ni Mama Anselmo, na hata asiyejaliwa kuzaa anaitwa kwa mtoto wa dada yake. Ida hakuwa na mtoto, wala dada wa kumwazima mtoto. Kina mama bondeni walikuwa wanaanza "Mama…" kisha wanameza, wanajikwaa, wanaona haya. Mimi sina haya. Nikasema mbele ya wote, "Mnahangaika nini? Si Mama Basta huyu!"

Walicheka mpaka mtu mmoja akamwaga maji yake. Ningekuwa mimi, ningemshika mtu kanga. Ida aliinua debe lake taratibu, akasema, "Basta atafurahi." Akatangulia kupanda mlima. Jina likabaki kwake, naye akaliitikia kama alivyoitikia kila kitu, kwa adabu ile inayochosha kuliko matusi.

Lois hakuchoka kumtengenezea mwanawe vile vitu vya utotoni. Alikwenda porini na jembe, magoti yale yanayolia, akachimba ming'oko, mizizi ile tuliyokuwa tukipigania tukiwa wadogo, akaichemsha, akamwekea kwenye ungo. Mimi nilikuwepo, maana pakiwa na chakula kwa Lois mimi huwa nipo. Ida alimenya mmoja, akatafuna muda mrefu. Mbwa amekaa miguuni pake anamtazama.

"Vipi?" akauliza mama yake.

"Mzuri, mama. Asante."

Lois alipoingia ndani kutafuta chumvi, nikamwambia, "Mwongo wewe. Unatafuna kama unatafuna kamba."

"Kule nilikuwa naiota," akasema. "Baridi ikizidi nilikuwa najifunika, nafumba macho, naikumbuka ming'oko mpaka nasikia joto lake vidoleni. Miaka yote hiyo. Sasa ninayo mdomoni na mdomo hauitambui."

"Walikutesa huko?"

"Hapana. Walikuwa watu wema sana. Hakuna aliyeniinulia sauti hata siku moja. Wanakuambia tafadhali, wanakuambia asante. Mbwa naye wanamwambia tafadhali." Akammenyea mbwa wake mng'oko, mbwa akaunusa, akaugeuzia uso. "Nilikuwa na chumba changu, na dirisha, na Basta. Mtu anakuwa kama mtungi uliowekwa kabatini, Mama Stamili. Haupasuki, lakini hakuna anayeunywea. Ninyi mkinitania sasa, nasikia kama mnasema na mtu aliyesimama nyuma yangu."

Ningemhurumia, lakini nilikuwa na hasira. Mama mzee anachimba porini, na wewe unakaa unaongea mambo ya mitungi!

Basi ikafika Jumapili moja, Lois akanifuata shambani kwangu. Alikaa juu ya kisiki bila hata kuniita mwizi, nikajua kuna jambo.

"Anaondoka," akasema. "Kuna Mzungu Mtwara, wa bandarini, anataka yaya. Dastani anapita Jumamosi, kamwahidi kumchukua. Na yule Mzungu akihama, atakwenda naye hukohuko anakohamia."

"Mkataze!"

"Nitamkataza vipi mtu anayekubali kila kitu? Nikimwambia kaa, anasema sawa mama, na sanduku bado liko wazi kitandani. Hanikasirikii. Halii. Tangu amerudi hajanijibu jeuri hata mara moja, yule Ida aliyekuwa akimtupia baba yake mwiko! Mama Stamili, akienda safari hii mimi simwoni tena. Mimi si mtu wa kungoja miaka mingine sita, unaniona nilivyo." Akanishika mkono. "Wewe ndiye mtani. Mkasirishe. Sina mwingine wa kumwomba."

Mkasirishe! Nimeombwa mengi maishani, unga, chumvi, moto, mbegu. Sijawahi kuombwa na mama mzazi nikamtukane mwanawe. Niliona fahari, sitaki kuwaficha.

Nilianza siku ileile. Nikaingia kwake bila hodi, nikakaa kwenye kiti chake, nikanywa chai yake ya maziwa, nikaitema nje na kusema ina ladha ya mbwa. Akaninywesha nyingine, yenye sukari zaidi. Jumatatu nikachukua bakuli la Basta, bakuli la udongo mweupe lenye maua, nikalishia kuku wangu. Akasema kuku nao ni viumbe. Jumanne bondeni nikatunga wimbo kuhusu yaya aliyekwenda Ulaya kufundishwa kubweka, wanawake wakaitikia kwa makofi hadi juu mlimani, na yeye alitembea katikati yetu ameinamisha macho kama anayesikiliza mahubiri. Mimi, niliyemliza katekista kwa sababu ya miguu yake, niliishiwa! Nilirudi nyumbani nikaogopa kwamba labda hamna mtu mle ndani, kwamba huko Ulaya walimtoa Ida wakaturudishia gauni na viatu.

Halafu mbwa akaugua. Kupe. Kupe wa huku hawaulizi umepanda meli gani. Basta alilala siku mbili ulimi nje, ufizi umegeuka mweupe, na Ida amekaa naye sakafuni akimdondoshea maji mdomoni. Alhamisi asubuhi nikapita nyuma ya nyumba yao nikamwona amesimama na jembe mkononi. Chini pana kifurushi kimefungwa kwenye sweta la sufu.

"Naomba leo usiseme kitu, Mama Stamili," akasema.

Macho yake yalikuwa makavu kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu kafiwa na mwenziwe wa miaka yote ile, hata kama mwenziwe ni mbwa, anashika jembe kama anakwenda kupanda mihogo.

"Namzika, halafu namalizia kupanga sanduku," akasema. "Kesho kutwa safari."

Nikaondoka. Mtu wa kwanza niliyekutana naye njiani alikuwa Mama Anselmo. Nikajifunga kanga kichwani mbele yake, nikamwambia, "Kwa Lois kuna msiba."

"Uwiii! Nani?"

Nikafuta macho, nikapita. Sikusema uongo hata neno moja. Mama Anselmo mwenyewe ndiye aliyekimbia na habari, na Mama Anselmo akikimbia na habari huhitaji tarumbeta.

Haukupita muda mrefu walikuwa wamejaa. Wanawake na vichwa vimefungwa, kila mmoja na unga wake wa muhogo kwenye kibakuli, wengine na kuni, wanalia tangu barabarani, "Lois, Lois, umetuacha!" Maana nani mwingine angekufa katika nyumba ile kama si bibi mzee? Kama ilivyo desturi, kila aliyefika alimwaga unga wake kwenye kapu kubwa lililokuwa barazani, kisha akakaa chini. Wanaume wakaja na majembe. Danieli, mzee wa kanisa, akaja na kitabu chake cha sala na koti lake jeusi katika jua lile. Hapo Lois, aliyekuwa amelala ndani, akatoka mlangoni kuuliza kuna nini.

Danieli alirudi nyuma akamkanyaga kuku. Mama Anselmo akataja watakatifu wote anaowajua na wengine nadhani aliwatunga.

"Kumbe mzima!" watu wakasema, na kusema kweli wengine walisema kwa kuudhika kidogo. "Sasa kafa nani?"

Ida akatokea nyuma ya nyumba, jembe mkononi, kifurushi kwapani. Mkia ulikuwa unaning'inia.

Sitaki kuwaeleza kelele zilizozuka. Danieli alitetemeka mpaka ndevu. "Mbwa? Nimeacha baraza la kanisa, nimevaa koti, kwa ajili ya mbwa? Nani kaleta habari hii?" Vidole vyote vikanielekea. Wanawake wakaliendea kapu kuchukua unga wao, na hapo ndipo walipokwama. Unga ulikuwa umekwisha changanyika, wa huyu na wa yule, mweupe na wa kijivu, na hata ungetenganishika, kwetu unga ulioingia nyumbani kwa mfiwa hautoki tena. Unapikwa palepale, unaliwa palepale, na unaliwa kwa jina la marehemu. Sasa nani atakula ugali kwa jina la mbwa? Wakasimama wamelizunguka kapu, wananitazama kwa macho mabaya.

"Binti, umerukwa na akili?" Danieli akamwuliza Ida.

"Sikumwita mtu yeyote, Mzee Danieli," akasema Ida. "Niwieni radhi, jamani. Asanteni kwa kuja."

Ile asante ndiyo iliyonipandisha. Nikasema potelea mbali. Mimi mtani, na mfiwa huyu hapa, kazi yangu naijua. Nikakunja kanga, nikashuka chini kwa mikono na magoti, mama mzima wa watoto wanne, Mwislamu anayeswali, nikawa Basta. Nikatembea tumbo likifagia vumbi. Nikanusa kapu la unga, nikapiga chafya, nikaligeuzia uso. Nikakaa kitako mbele ya Danieli, nimeinamisha kichwa upande, nangoja biskuti. Wanawake wakaanza kujificha kwenye kanga zao. Danieli aligeuka akaitazama mikorosho, lakini mabega yalikuwa yanamcheza. Ida ananitazama tu. Nikazunguka uwanja, nikaenda mpaka kwake, nikajilaza chini, nikaweka kidevu changu juu ya mguu wake, nikapumua kama mbwa anayelala.

"Toka!" akapiga kelele. "Toka miguuni kwangu!"

Na akanitukana. Kwa Kimakonde, tusi la zamani, la watoto wa kuchunga mbuzi, linalomtaja bibi yangu na kitu alichokifanya kichakani. Silirudii hapa. Lois alishika mwimo wa mlango.

"Unajua Basta alilala hapo lini?" Ida akauliza, jembe limemwanguka. "Unajua lini, wewe mpuuzi? Siku niliyoambiwa baba amekufa! Mama yake Piti akanipa chai. Akaniambia pole sana Ida, pumzika mchana huu. Jioni nikamwogesha Piti kama kawaida, nikampasia nguo zake. Nani alikuja? Nani alifunga kichwa? Nani aliniletea hata unga wa kujaza kiganja? Ulikuwa wapi na huo mdomo wako, mtani wewe? Hamkuwepo! Hamkuwepo hata mmoja! Huyu ndiye aliyekuja akalala miguuni pangu mpaka kukacha. Matanga ya baba yangu mimi nimekaa na mbwa!"

Nilikuwa bado nimelala vumbini. Mwalimu Cecil alikuwa amekufa masika ya mwaka wa hamsini na tano. Tulimlilia, tulimzika, nilivaa kofia yake nikamwigiza mpaka watu wakaumwa mbavu, tukala, tukaanua matanga, tukaenda makwetu. Hakuna kati yetu aliyewaza kwamba msiba ule kwa mtu mmoja haujaanza.

Danieli ndiye aliyesema. Alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti.

"Unga umekwisha mwagwa," akasema. "Uwe wa Mwalimu Cecil. Tandikeni mkeka."

Wakatandika. Lois akamfunga mwanawe kitambaa kichwani kwa mikono yake, akamkalisha katikati ya wanawake, na Mama Anselmo akaanza kulia upya, mara hii akijua anamlilia nani. Wanaume wawili wakachukua kile kifurushi wakakifukia nyuma ya nyumba, shimo zuri, la kina, huku Danieli akiangalia kwingine. Moto ukawashwa, sufuria likatelekwa.

Mimi nikaingia ndani kwa Lois, nikachukua kofia ya marehemu na miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Nikatoka nimefunga mikono mgongoni, nakokota mguu wa kushoto, nasafisha koo kabla ya kila neno. Nikamkuta kuku anaingia nyumbani. "Wewe!" nikamwambia, kwa sauti ileile aliyowapigia wanafunzi wa Masasi. "Umechelewa tena! Simama nje!" Nikakaa kula ugali wa hewa, kila tonge naligeuza huku na huku kwanza kama anayelisahihisha. Watu wakaanza kucheka. Namtazama Ida kwa pembeni mwa miwani.

"Sivyo," akasema.

"Sivyo nini?"

"Kwa kuku. Alikuwa anavua miwani kwanza. Hafoki na miwani."

Nikavua miwani, nikafoka.

"Mjinga wewe, sivyo! Hafoki hivyo!" Akasimama mwenyewe, mfiwa, jambo ambalo halifanywi, akaninyang'anya miwani, akavua kofia kichwani pangu akaivaa yeye. Akasafisha koo. Na kwa mara ya kwanza tangu masika ile, nikamwona Mwalimu Cecil amesimama uwanjani kwake, kidevu juu, kidole kimoja hewani, anamuuliza kuku kama baba yake anajua tabia zake. Lois alipiga ukelele mmoja. "Ndiye!" akasema. "Ndiye huyo, jamani!" Ida akacheka, akacheka akiwa amejishika tumbo, kisha kicheko kikageuka katikati ya njia, akaanguka kwenye mapaja ya mama yake akalia kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. Alilia mpaka ugali ukaiva. Tulimwacha alie. Mimi mwenyewe nililia, na mtu akinidhihaki kwa hilo nitamshughulikia.

Alipoinuka alikula tonge tatu. Akaniambia ugali niliousonga una mabonge. Nikamwambia una mabonge kwa sababu ya machozi yake. Akasema hapana, una mabonge kwa sababu mama yangu hakunifunza, na akaendelea kutoka hapo, akawagusa shangazi zangu, akamgusa marehemu mjomba wangu na meno yake, kama mtu aliyefungua ghala lililofungwa muda mrefu. Sikupata nafasi hata ya kutia neno. Lois amekaa pembeni, anasikiliza jinsi mwanawe anavyonitukana, na uso wake umetulia.

Jumamosi tulikuwa bado tumekaa matanga. Lori la Dastani likaja likasimama barabarani, likapiga honi, likapiga tena. Ida alikuwa kwenye mkeka, kitambaa kichwani, anamenya mihogo. Alinyanyua kichwa, akatazama barabarani, akamtazama mama yake. Hakuna utani wa kusema mahali kama pale.

Lois akainuka mwenyewe. Akatembea mpaka kwenye lori, fimbo mkononi, na sisi tukamsikia wote.

"Abiria wangu yuko wapi, mama?" Dastani akauliza. "Jua linapanda."

"Hasafiri. Amefiwa na baba yake."

"Baba yake? Mwalimu Cecil? Lakini mama, mwalimu si tulimzika zamani? Mimi mwenyewe nilibeba jeneza."

"Ninyi mlimzika zamani," akasema Lois. "Mwanangu amefiwa juzi."

Dastani akazima injini, akavua kofia, akashuka kuja kutoa pole.